Kadi isiyo na mlinzi: Kwa nini Marekani ilichelewa kuzilinda fedha za watu wake

Ni siku za mwanzo wa mwezi katika mji mmojawapo wa Marekani. Mama amejaza kikapu chake: mchele, unga, mafuta ya kupikia, kuku, maziwa ya mtoto. Anafika kwa keshia, anapitisha kadi yake ya msaada wa chakula, anabonyeza namba ya siri, na mashine inamjibu kuwa salio halitoshi. Anarudia. Jibu ni lile lile. Fedha za mwezi mzima, zilizoingia usiku wa manane, zimekwishatumiwa na mtu asiyemjua, katika duka asilowahi kulikanyaga, pengine katika jimbo jingine kabisa, ilhali kadi yenyewe haijapata kutoka mkobani mwake.

Kisa cha namna hii kimezipata familia nyingi mno nchini humo katika miaka ya karibuni. Msaada huo wa chakula, unaojulikana kwa kifupi cha SNAP, huwafikia watu wapatao milioni 40, na miongoni mwao wamo watu waliofika huko kama wakimbizi, wakiwemo ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili waliotoka mashariki ya Kongo. Mtu aliyeponea chupuchupu vita, akakaa kambini miaka, akafika ugenini, huibiwa chakula cha wanawe na mwizi asiyeonekana. Nasi tulipoanza kulifuatilia jambo hili tulijiuliza swali ambalo bila shaka msomaji naye atajiuliza: inakuwaje katika taifa lenye utajiri na ujuzi wote ule kadi ya mtu inakiliwa kirahisi hivyo?

Jibu linaanzia, ajabu ya mambo, kwenye pasi ya kunyooshea nguo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mhandisi wa kampuni ya IBM aitwaye Forrest Parry alikuwa akitafuta namna ya kukigandisha kipande cha utepe wa sumaku juu ya kadi ya plastiki. Gundi zote alizojaribu zilimshinda, ama utepe ulijikunja ama uliharibika. Inasimuliwa kuwa alirudi nyumbani akiwa amekata tamaa, akamkuta mkewe Dorothea akipiga pasi. Mama huyo alipousikia mkasa wake alimwambia ajaribu kuuyeyusha utepe kwa pasi. Joto likawa la kadiri, utepe ukashika. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa ule mstari mweusi tunaouona nyuma ya kadi za benki hadi leo. (Wahandisi husifiwa katika vitabu, tumeona si vibaya na mwenye pasi naye akatajwa katika kurasa za familia.)

Utepe ule ulirahisisha mambo mengi, lakini una aibu moja isiyofichika. Yote uliyoyabeba, yaani namba ya akaunti, tarehe ya mwisho ya kadi na tarakimu chache za uhakiki, yamo wazi na hayabadiliki. Mashine yoyote iwezayo kuusoma inaweza pia kuyanakili yale yale na kuyabandika kwenye kadi nyingine, na benki isijue ipi ni mama na ipi ni kivuli. Ni sawa na mlinzi wa lango ambaye kila siku huuliza neno moja na kupewa jibu moja: aliyejibanza nyuma ya ukuta akalisikia mara moja, kesho naye anaingia.

Chipu, kile kijiduara au kijimraba cha rangi ya dhahabu kilichopo upande wa mbele wa kadi, hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake imo kompyuta ndogo sana yenye ufunguo wa siri usiotoka nje kamwe. Kila unaponunua kitu mashine huiuliza swali jipya, nayo chipu hutoa jibu linalofaa kwa ununuzi huo tu. Mwizi akilinasa jibu la leo, kesho halimfai kitu, kwa kuwa swali limebadilika. Miongoni mwa waliobuni jambo hili ni Mfaransa Roland Moreno, mzaliwa wa Cairo, aliyesajili hataza yake mwaka 1974. Inaelezwa kuwa mwanzoni aliifikiria kama pete ya kidoleni, kabla ya kuihamishia kwenye kadi.

Ufaransa ndiyo iliyotangulia, na sababu yake haikuwa uchaji wala werevu wa pekee. Kupiga simu kulikuwa ghali. Ili duka lihakikishe kadi yenye utepe lilipaswa kuipigia benki, nayo gharama hiyo iliwachosha wenye maduka; kadi yenye chipu iliweza kuhakikiwa hapo hapo kaunta, kwa namba ya siri, bila simu. Kufikia mwisho wa mwaka 1992 kadi zote za benki za Kifaransa zilikuwa na chipu. Marekani kwa upande wake simu zilikuwa rahisi na za kuaminika, hivyo kila ununuzi uliweza kuulizwa benki papo hapo, na mabenki yakaona yanatosheka. Uzuri wa simu zao ukawa sababu ya kubaki na kadi dhaifu.

Katikati ya miaka ya 1990 makampuni ya Europay, MasterCard na Visa yalikubaliana kanuni moja ya kadi za chipu ili zisomeke nchi zote, na herufi za mwanzo za majina yao zikawa jina la kanuni hiyo, EMV. Uingereza iliifuata, na kuanzia tarehe 14 Februari 2006 mwenye kadi dukani akawa hana budi kubonyeza namba ya siri badala ya kutia sahihi. Wezi hawakuacha kazi. Walichukua taarifa za kadi za Kiingereza, wakazitia kwenye tepe, wakaenda kuzitumia katika nchi ambazo mashine zake zilikuwa bado zinasoma utepe, Marekani ikiwemo. Nyumba moja ikifunga mlango, mwizi huenda ya jirani.

Na jirani huyo alikuwa amelala. Kwa mujibu wa takwimu za jarida la Nilson, linalofuatilia biashara ya kadi, mwaka 2012 Marekani ilibeba karibu nusu ya hasara yote ya wizi wa kadi duniani, ilhali matumizi ya kadi yaliyofanyika huko yalikuwa takriban robo tu. Watalii wa Kimarekani nao walikuwa wakikwama mbele ya mashine za kuuzia tiketi katika vituo vya treni vya Ufaransa, kadi zao zikikataliwa kwa kukosa chipu.

Kwa nini basi hawakubadilika? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na tunamwomba msomaji atuvumilie kidogo. Kadi ina wazazi wawili. Benki ndiyo inayoitoa, na duka ndilo linaloisoma. Benki ikitoa kadi za chipu lakini maduka hayana mashine za kuzisoma, imepoteza fedha bure. Duka likinunua mashine mpya lakini wateja hawana kadi za chipu, nalo limepoteza bure. Kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake. Tena hasara za kadi bandia zilizotumika dukani kwa kawaida zilibebwa na benki, kwa hiyo mwenye duka hakuwa na haraka. Na benki nazo zilikuwa zikizihesabu hasara hizo kama gharama ya biashara, zikizifidia kwa ada wanazotozwa wenye maduka. Nchi yenye maelfu ya benki na mamilioni ya maduka haikuwa na mtu mmoja wa kusema, leo tunaanza.

Yupo aliyejaribu. Mwaka 2001 kampuni ya maduka makubwa ya Target ilianza kutoa kadi zenye chipu. Wengine hawakuifuata, na baada ya miaka mitatu hivi ikauacha mpango huo. Kisha kati ya tarehe 27 Novemba na 15 Desemba 2013, msimu ambao Wamarekani hununua kuliko wakati wowote, wezi walipenyeza programu haramu katika mashine za malipo za maduka hayo hayo na kuchota taarifa za kadi milioni 40. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya maduka ya Home Depot, kadi milioni 56. Chipu isingewazuia wezi kuingia katika kompyuta za maduka, lakini walichokichota kisingewafaa kutengenezea kadi za bandia. Hatuwezi kuacha kuona uchungu wa jambo hili: aliyetangulia kununua kufuli, akairudisha dukani kwa kuwa majirani hawakununua, ndiye aliyevunjiwa.

Baada ya hapo nchi ilizinduka. Mwezi Oktoba 2014 Rais Obama alitia sahihi amri ya kuzitaka kadi za malipo za serikali kuu ziwe na chipu na namba ya siri, na siku hiyo hiyo akasimulia jinsi kadi yake mwenyewe ilivyokataliwa katika mkahawa mmoja wa New York, ikabidi mkewe alipe. Lakini kilichowasukuma wafanyabiashara hasa hakikuwa amri ile. Makampuni ya kadi yaliweka tarehe: kuanzia 1 Oktoba 2015, kadi bandia ikitumika dukani, hasara itambebesha yule aliyebaki nyuma. Benki isiyotoa chipu italipa. Duka lisilo na mashine ya kuisoma litalipa. Dhamana ilipohama, mikono ikaanza kutembea. Kufikia mwishoni mwa 2018, kampuni ya Visa ilieleza kuwa wizi wa kadi bandia katika maduka yenye mashine mpya ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo tatu. Vituo vya mafuta vilipewa muda, kwani kubadili pampu hugharimu maelfu ya dola. Tarehe yao ikasogezwa kutoka 2017 hadi 2020, kisha hadi Aprili 2021.

Hata hivyo walichukua nusu ya dawa. Benki nyingi za Marekani zilitoa kadi za mkopo zenye chipu lakini zikaendelea kuridhika na sahihi badala ya namba ya siri, kwa kuhofia kuwa mteja atakayesahau tarakimu zake atatumia kadi ya benki nyingine. Chipu huzuia kadi kunakiliwa. Haizuii kadi iliyookotwa njiani kutumiwa na aliyeiokota. Kampuni ya Walmart ilifika hadi mahakamani mwaka 2016 ikiishitaki Visa, ikitaka iruhusiwe kuwadai wateja wa kadi za akiba namba ya siri.

Nasi tusizisifu mno nchi zilizotangulia. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Steven Murdoch na Ross Anderson wakiwemo, walionyesha kuwa kadi ya chipu iliyoibwa iliweza kutumika dukani bila mwizi kuijua namba ya siri. Kabla ya hapo wateja kadhaa wa Uingereza waliolalamika kuibiwa walikuwa wakijibiwa na benki kuwa namba yao ya siri imetumika, kwa hiyo ama wameizembea ama wao ndio waongo. Kufuli jipya likageuzwa ushahidi dhidi ya mwenye nyumba. Ndiyo maana tunaona kwamba swali la nani atabeba hasara ni zito kuliko swali la aina ya kadi.

Na ndilo linaloturudisha kwa yule mama. Sheria ya Marekani humlinda mwenye kadi ya mkopo: akiibiwa, hasara yake haizidi dola 50. Mwenye kadi ya akaunti ya benki naye hulindwa akitoa taarifa mapema. Lakini kadi ya msaada wa chakula iliondolewa katika ulinzi huo na sheria ya mwaka 1996. Ikaachwa nje ya dhamana, na kwa kuwa hakuna benki wala duka lililotishwa na hasara yake, ikaachwa pia nje ya mabadiliko ya 2015. Utepe wa Parry ndio ulioendelea kuishi juu yake. Wezi walipofungiwa milango mingine wakaukimbilia huo: kifaa chembamba huvikwa juu ya mashine ya dukani, kinasoma utepe na kunasa vidole vinavyobonyeza namba.

Bunge la nchi hiyo liliruhusu familia zilizoibiwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 zirudishiwe sehemu ya fedha zao. Ruhusa hiyo ilikoma tarehe 20 Desemba 2024. Aliyeibiwa siku iliyofuata hakuwa na haki hiyo tena kutoka serikali kuu. California imekuwa jimbo la kwanza kuanza kuwapa watu wake kadi za msaada zenye chipu, mwaka 2025, zaidi ya miaka 30 tangu Wafaransa walipomaliza kazi yao.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atasema kuwa sisi fedha zetu zimo kwenye simu, na wezi wetu hawahitaji kifaa, wao hutuma ujumbe wa kututaka tuitume ile pesa kwenye namba hii. Ni kweli. Lakini wengi wetu tuna ndugu huko, na salamu za familia hazikosi nafasi ya neno lenye faida. Kwa hao tunaomba wafikishiwe haya: waishike na kuitikisa mashine ya kadi kabla ya kuitumia, na iliyolegea waiache, waufunike mkono unapobonyeza namba, waibadili namba ya siri siku moja kabla ya fedha kuingia, si baada. Na yapo majimbo ambayo programu ya simu ya kadi hiyo ina kitufe cha kuifunga kadi, ikabaki imefungwa usiku kucha hadi mwenyewe atakapokuwa amesimama mbele ya keshia, kikapu mkononi.