Jifunze Kuzama Kabla ya Kushika Kamera

Wengi wetu tuishio bara twaijua bahari kwa juu tu. Hata hivyo, wapo watumishi na askari ambao, waendapo likizo Mombasa, Watamu au Unguja, hujifunza kuzama kwa mtungi wa hewa. Mara wapatapo cheti hutamani kuwaletea watoto picha za samaki na matumbawe. Tamaa hiyo ni njema, lakini ina hatari yake. Nayasema haya kwa kuwa yalinifika.

Katika mbizi yangu ya sita, huko Watamu, niliazima kamera. Nikamwona kasa kando ya mwamba, nikamfuata. Kila alipogeuka niligeuka, jicho langu likiwa kwenye kamera. Nilipokumbuka kutazama geji, mtungi ulioanza na bar 200 ulibakiwa na 30, hali tuliagizwa tuwe tumekwisha toka majini kabla ya kufikia 50. Mwenzangu, niliyepaswa kuwa naye bega kwa bega, sikumwona. Mwalimu alinijia, akanipa kinywa cha akiba cha mtungi wake, tukapanda polepole. Picha niliyoipata ilikuwa moja: mkia wa kasa ndani ya vumbi la mchanga nililolitimua mwenyewe.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo ulio sawa na ule wa hewa ya juu ya nchi. Kwa hiyo kwenye mita 10 hewa ya mtungi huisha upesi mara mbili kuliko juu. Kwenye mita 20, mara tatu. Anayemkimbiza samaki hupumua kwa kasi na kuimaliza mapema zaidi. Kamera huteka macho, na aliyetekwa macho hatazami geji.

Kuruta hakabidhiwi bunduki kabla hajajua gwaride. Vivyo hivyo, mzamiaji mpya ajifunze kwanza kuelea pasipo kupanda wala kushuka, mita moja juu ya mchanga, bila kupunga mikono. Akiweza kutulia hivyo huku akisoma geji na kumwangalia mwenzake, ndipo ashike kamera. Asizidi mita 18, ambazo ndizo mpaka wa cheti cha kwanza, na kamwe asizuie pumzi wakati wa kupanda.

Sasa tuje kwenye picha. Maji hunyonya rangi, na nyekundu hutangulia kupotea katika mita chache za mwanzo. Ndiyo maana picha nyingi za wanaoanza huwa za buluu tupu. Dawa yake ni kusogea karibu, chini ya mita moja, na kutumia flashi. Flashi iwekwe pembeni ya kamera, kwani ikiwa jirani na lenzi huangaza chembechembe za majini, na picha ikajaa madoa meupe. Piga ukielekeza kamera juu kidogo, wala usimkimbize samaki: tulia, naye atakuzoea. Louis Boutan, Mfaransa aliyepiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, alifanya kazi yake akiwa na vazi zito la mzamiaji. Subira ilikuwa nusu ya ufundi wake.

Kabla ya kuzama, kagua pete ya mpira ya kasha la kamera. Unywele mmoja au chembe ya mchanga yatosha kuingiza maji na kuiharibu kamera. Baada ya mbizi, lichovye kasha katika maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kulifungua.

Matumbawe nayo si mawe, ni viumbe hai. Teke moja la pezi huvunja kilichokua kwa miaka mingi. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku kuchukua hata kombe.

Mwisho, sisi wa bara tukumbuke safari ya kurudi. Usipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu mbizi ya mwisho, ikiwa ulizama mara kadhaa. Wala usifanye haraka kupanda nyanda za juu kwa gari. Picha ikikosekana leo, bahari ipo kesho. Wanaokungoja nyumbani wanakutaka wewe kwanza, picha baadaye.