Masisi na Walikale: Kusomea biashara wakati njia za soko zimekatika

Kila mwaka vijana kutoka wilaya za Masisi na Walikale, jimboni Kivu ya Kaskazini, huchukua diploma zao za Serikali na kwenda mjini kusomea usimamizi wa biashara na masoko. Wengi huelekea Goma, ambako kuna Taasisi ya Juu ya Biashara (ISC), Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM) na ULPGL. Wale wa Walikale wana pia barabara ya kitaifa namba 3, inayopita Lubutu hadi Kisangani.

Muda wa masomo umepungua. Zamani mwanafunzi alifanya gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unampa lisansi kwa miaka 3 na krediti 180. Kwa mzazi anayeuza ng'ombe au magunia ya maharagi ili alipe minervali, miaka 2 si kitu kidogo.

Darasani, somo la masoko huanza na mambo manne yaliyopangwa na Mmarekani E. Jerome McCarthy mwaka 1960: bidhaa, bei, mahali pa kuuzia na namna ya kuitangaza. Kijana wa Masisi hahitaji mfano wa ng'ambo ili ayaelewe. Anayo jibini, ambayo wenyeji huiita fromaji.

Kilo 1 ya jibini ngumu hula karibu lita 10 za maziwa. Anayejua hesabu hiyo anaweza kuongeza chumvi, kuni, mshahara wa anayekamua, gari hadi Sake na Goma, na feza zinazotolewa kwenye kila bariyeri njiani. Hapo ndipo anajua kama bei ya sokoni inamlipa mfugaji au inamla. Halafu kuna jina. Ikifika mbali, kama Kinshasa, jibini hiyo mara nyingi huitwa ya Goma. Ng'ombe wako Masisi, lakini sifa imebaki mjini. Kwa mwanafunzi wa masoko, kuirudisha sifa hiyo ni kazi ya kwanza, na inaweza kuanza na karatasi ndogo tu yenye jina la kijiji, uzito na tarehe.

Walikale inatoa somo lingine. Mgodi wa Bisie, unaoendeshwa na kampuni ya Alphamin, ulizalisha tani 17,324 za bati mwaka 2024. Mchanga wake wenye madini husafirishwa na kuyeyushwa nje ya nchi. Huko Rubaya, wilayani Masisi, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba hutoka zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Bidhaa ipo na wanunuzi wapo, ila sehemu kubwa ya thamani huongezwa mbali na wachimbaji.

Vita vimevuruga hata yale yaliyo kwenye sillabasi. M23 waliingia Rubaya mwisho wa Aprili 2024, Masisi-centre na Goma Januari 2025, na Walikale-centre Machi 2025 kabla ya kuondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Bisie ilisimamisha kazi tarehe 13 Machi, ikarudi hatua kwa hatua mwezi uliofuata. Goma ilipoanguka, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Jibini iliyokuwa ikipanda ndege kwenda Kinshasa ikakosa njia hiyo. Mwanafunzi aliyetegemea kufanya staji benki naye akakosa mahali, huku wazazi wakituma minervali kwa simu na kukatwa asilimia kila wanapotoa.

Hata hivyo, biashara haikufa. Akina mama wanaendelea na likelemba, na vikundi vya AVEC vinaweka akiba kwenye sanduku la funguo tatu, kila mmoja akijua sehemu yake. Huo ni usimamizi wa feza unaofanya kazi mahali ambapo benki imeshindwa. Mwanafunzi anayeandika TFC anaweza kukaa na kikundi kama hicho, akapima mikopo inavyorudishwa, na kuwaachia daftari lililopangwa vizuri kuliko alivyolikuta.

Walimu nao wana la kufanya. TFC inayochambua kampuni kubwa ya Ulaya kwa kunakili intaneti haimsaidii mfugaji wa Ngungu wala muuza mafuta ya mawese wa Walikale. Ile inayoonyesha gharama halisi ya kilo 1 ya jibini, kutoka zizi hadi sokoni, inaweza kusomwa na chama cha wafugaji na kutumiwa wiki inayofuata.

Amani haiko mikononi mwa mwanafunzi. Ila siku barabara itakapofunguka, wanunuzi watarudi Masisi na Walikale wakiwa na bei zao tayari. Mwenyeji atakayekaa nao mezani akiwa na hesabu zake mkononi ndiye atakayeweza kukataa bei mbaya.