Fahamu: Spishi mpya ya bakteria wa udongo hutambuliwaje?

Gramu moja ya udongo wa shamba, uwe wa Kate mkoani Rukwa au kwingineko, huweza kuwa na mamilioni ya bakteria. Wengi wao bado hawana jina.

Hatua za utambuzi
Mtafiti huwaotesha katika maabara hadi apate aina moja tu, kisha husoma vinasaba vyake. Jenomu, yaani jumla ya vinasaba hivyo, ikifanana na za spishi zinazojulikana kwa chini ya takriban asilimia 95, huenda ni spishi mpya. Umbo, chakula na joto linalomfaa bakteria pia hupimwa.

Jina hukubalikaje?
Kwa kawaida, sampuli hai huhifadhiwa katika hazina mbili za vijidudu, kila moja katika nchi tofauti, na maelezo huchapishwa. Tangu 2022 upo pia utaratibu wa SeqCode, unaokubali jina kwa msingi wa jenomu.

Mfano wa karibu
Mwaka 2017 ilitangazwa spishi *Rhizobium aethiopicum*, iliyopatikana kwenye vinundu vya mizizi ya maharage nchini Ethiopia.

Kwa nini ni muhimu?
Bakteria wa kundi la *Rhizobium* hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa lishe ya mmea. Wakijulikana vizuri, ni rahisi kuchagua wanaofaa kupakwa kwenye mbegu za maharage, zao linalolimwa pia Ufipa mkoani Rukwa, na kupunguza matumizi ya mbolea za viwandani.