Rola ya sindano katika saluni zetu: kwa nini hatukuilipia



Katika maombi ya vifaa tuliyopokea robo hii, kikundi kimoja cha saluni cha akina mama kiliorodhesha, baada ya draya na mashine za kunyolea, rola ya sindano pamoja na dawa ya kuotesha nywele. Baadhi ya wajumbe wa kamati walicheka, wengine wakasema ni utapeli. Tumeona vema tueleze, maana fedha ni ya wahisani na vichwa vitakavyochomwa ni vya watu wetu.

Kifaa hiki ni kigurudumu chenye mpini na sindano nyingi fupi, zisizofika milimita mbili. Kikivingirishwa kichwani hutoboa vitundu. Ngozi inapojiponya huamsha mashina ya nywele, na dawa ikipakwa hupenya zaidi. Hapa Ugogoni jambo hili si geni sana, kwani chale huchanjwa kwa wembe na dawa ikasuguliwa humo tangu enzi za mababu. Dawa ya rola ni minoksidili, iliyoanza kama kidonge cha shinikizo la damu hadi wagonjwa walipoonekana wakiota nywele.

Utapeli sio. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2013 ulihusu wanaume 100 wenye upara. Baada ya wiki 12, waliochomwa sindano na kupaka dawa waliongeza kwa wastani nywele 91 katika eneo lililopimwa. Waliopaka dawa tu, 22.

Lakini huo ni upara wa kurithi. Wanaojaa katika saluni zetu ni watoto wenye mapunye na akina mama ambao nywele za pembeni zimenyofoka kwa kusukwa kwa kukazwa. Mapunye ni kuvu, na sindano huweza kuyasambaza. Tiba yake ni vidonge kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya mganga. Nywele zilizonyofoka hurudi zenyewe msuko ukilegezwa mapema. Kovu likishajitengeneza, rola haitazirudisha.

Kubwa zaidi ni damu. Miaka ya semina za UKIMWI tulihimiza kila mtu na wembe wake. Rola ni nyembe nyingi kwa mpigo mmoja, na kuifuta kwa spiriti hakutoshi: kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Tena dawa ikimiminwa kwenye ngozi inayovuja damu huingia mwilini na kuweza kushusha shinikizo. Katika utafiti ule walingoja siku nzima kabla ya kupaka. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie kabisa.

Basi draya na mashine tumezipitisha, rola hapana. Fedha yake itanunua vichwa vya akiba vya mashine na dawa ya kutakasia. Mwenyekiti wa kikundi alitujibu kwamba wateja watahamia saluni za mjini zenye rola. Hoja yake ina uzito, na hatukuwa na la kumfidia.

Kwa vikundi ambavyo tayari vinayo: rola moja, mtu mmoja, kisha isiguse kichwa kingine. Mwenye mabaka kichwani aelekezwe zahanati kwanza. Yakishindikana huko, aombe rufaa kwa mtaalamu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu hao tangu mwaka 1992.