Duma haikudumu: Vijana wawili wa Nairobi na albamu moja iliyovuka mipaka

Msomaji wa Kiswahili akisikia jina Duma humfikiria mnyama anayewashinda wote kwa mbio. Lakini bendi ya Nairobi iliyobeba jina hilo ililitoa katika Kikuyu, ambako duma ni giza. Maana zote mbili ziliifaa: muziki wake ulikuwa wa giza, na maisha yake yalikwenda mbio.

Duma iliundwa mwaka 2019 na Martin Khanja, maarufu kama Lord Spikeheart, pamoja na Sam Karugu. Wote walitoka katika bendi za metali, tawi la roki lenye magita makali na sauti za kunguruma. Bendi hizo, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, zilikuwa na mashabiki wao, ingawa si aina ya muziki unaousikia kwenye matatu au harusini.

Bendi ya metali huhitaji watu: mpiga ngoma, wa besi, wa gita na mwimbaji. Duma walikuwa wawili tu. Karugu aliweka chini besi, akashika gita na kompyuta; Khanja akabaki na maikrofoni. Ngoma zikawa za mashine, zenye kasi ambayo mikono ya binadamu haiifikii.

Walirekodi Kampala, katika studio za Nyege Nyege, kwa miezi mitatu. Mji huo ni njia panda ya wanamuziki tangu zamani. Samba Mapangala alitoka Kongo, akapiga muziki Kampala, kisha akahamia Nairobi mwaka 1977. Duma waliifuata njia hiyo kinyume: waliondoka Nairobi, na Kampala ndiko walikopata lebo ya kuwatoa.

Albamu yao, iliyoitwa Duma, ilitoka Agosti 2020 ikiwa na nyimbo tisa. Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliisifu, lakini kumbi nyingi zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya corona. Mwaka uliofuata, Sub Pop ya Seattle, lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana, ilitoa santuri yao ndogo. Albamu ya pili haikuja. Wawili hao wakaachana.

Aprili 2024 Khanja alirudi peke yake na albamu The Adept. Aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, nyanya wa ukoo wake na Fildi Masho wa Mau Mau, aliyefariki Septemba 2023. Safari hii hakutegemea lebo ya mtu mwingine. Alianzisha yake, Haekalu, ili wanamuziki wa Kiafrika wanaopiga muziki mzito kama wake wawe na mlango wa kubisha.