Nyasi Zikikauka Newala

Anayepanda kutoka Masasi kwenda Newala mwezi wa Machi haoni dalili ya nchi kame. Mvua ya uwanda wa Makonde hukaribia milimita 1,000 kwa mwaka, na Dodoma hupata kama nusu yake tu. Lakini huko juu hakuna mto. Mchanga hunywa kila tone, na maji hutokea chini kabisa ya miteremko. Ukame wa Umakonde, basi, ni miezi ya kiangazi juu ya udongo usioweka akiba, na mila za watu wake zimeshika majira hayo kuliko tunavyokubali. Jando ni ushahidi. Kumbi la wari hujengwa baada ya mavuno, ghala likiwa na chakula cha kulisha wageni wa ngoma ya mapiko, na nyasi zikiwa zimekauka kiasi cha kuezekea. Wari wakitoka, kibanda hicho huchomwa moto, jambo ambalo masika yasingeliruhusu.

Atasema mtu kwamba Wamakonde walipandishwa uwandani na hofu, si hali ya hewa: walikimbia watekaji wa watumwa na Wangoni, ambao mwaka 1882 waliivamia misheni ya Masasi. Ni kweli, ila hofu hueleza kwa nini walipanda, haielezi kwa nini walisalimika. Walifichwa na vichaka vilivyosongamana. Kivuli chake hudhoofisha nyasi, na pasipo nyasi moto wa kiangazi hauna pa kupita. Masasi ni kinyume chake: miombo ina nafasi, nyasi hustawi masika na kuungua kiangazi, na miche ya miti huteketea kabla ya kukua. Wakulima wa uwandani waliielewa tofauti hiyo. Clement Gillman, aliyeandika mwaka 1945 kuhusu kilimo chao, alieleza jinsi mashamba yalivyoachwa yarudi kuwa kichaka. Hapa naikubali hoja ya wapinzani kwa sehemu: hali ya hewa peke yake haikuumba mandhari hiyo; panga na moto vilishirikiana nayo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Siku hizi jando hufuata likizo za shule, tohara hufanyika hospitali, na bati limechukua nafasi ya nyasi. Hata hivyo likizo ya Juni imeangukia kiangazi kilekile, na zao linalolipia bati hilo nalo lina masharti yake: mkorosho huchanua wakati wa ukavu, na ubaridi wenye umande ukizidi huleta ubwiri unga, watu wakakimbilia salfa. Nyasi zilizokuwa zikisubiriwa zikauke ziezeke kumbi sasa hufyekwa mapema chini ya mikorosho, ili korosho zinazoanguka zionekane na moto wa jirani usipate njia.