Kusukwa kunapouma: jinsi ya kuchagua unyoaji mfupi usiosumbua kichwa

Sumbawanga. Kwa wanawake wengi, Jumamosi ya saluni ni siku ya kupumzika. Unakaa, unapiga stori, unatoka na kichwa kipya. Lakini wapo ambao kwao siku hiyo ni adhabu.

Kichana kikigusa tu, machozi yanalenga. Draya likiwashwa, wanatamani kukimbia. Rasta zikiisha kusukwa, usingizi unapotea siku tatu kwa sababu kila upande wa mto unauma.

Wengi wao wameambiwa tangu utotoni kuwa wanadeka. Wamevumilia mpaka wakazoea kuamini hivyo. Ukweli ni kwamba kuna watu ambao ngozi, masikio na pua zao hupokea mambo kwa nguvu kuliko wengine. Kwa mwanamke wa aina hiyo, nywele fupi zinaweza kubadilisha maisha ya kila siku. Ila kuna mtego mmoja: nywele fupi kupita zote mara nyingi siyo zinazotuliza kichwa kupita zote.

Kwa nini kichwa kinauma hivyo?

Kila unywele umeota ndani ya kishimo kidogo cha ngozi, na kishimo hicho kimezungukwa na ncha za mishipa ya fahamu. Unywele ukisogezwa, ubongo unapata taarifa. Kwa watu wengi, baada ya muda mfupi ubongo unaizoea taarifa hiyo na kuiacha ipite. Kwa wengine haipiti. Inaendelea kugonga kama mtu aliye mlangoni.

Hali hii inajulikana sana kwa watu wenye usonji. Mwaka 2013, mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani uliingiza rasmi suala la hisia kali, au hisia hafifu kupita kawaida, kati ya dalili za usonji. Temple Grandin, profesa wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1947 na mwenye usonji, ameandika kwamba akiwa mtoto kuoshwa nywele kulimuumiza ngozi ya kichwa.

Lakini siyo lazima mtu awe na usonji. Mwenye kipandauso anaweza kuumia hata kwa kuchana nywele wakati maumivu yamepanda. Wapo pia waliozaliwa hivyo tu, na hawana ugonjwa wowote.

Kumbukumbu za shule zinaweza kusaidia hapa. Shule nyingi za serikali nchini huwataka wasichana wanyoe nywele. Mwanamke anayekumbuka kuwa enzi hizo kichwa kilikuwa kimetulia, na shida ikaanza alipoanza kusuka na kuweka dawa, tayari ana nusu ya jibu.

Mtego wa kipara

Mwanamke aliyechoka kuumia akiamua kunyoa, mara nyingi anamwambia kinyozi atoe zote. Siku ya kwanza ni raha tupu. Maji yanapita, upepo unapita.

Siku ya tatu mambo yanageuka. Nywele zilizokatwa karibu kabisa na ngozi zinaota zikiwa ngumu na zenye ncha butu. Zinachoma. Zinang'ang'ania mto, kilemba na kola ya sweta kama kishona nguo anavyong'ang'ania sketi ya mtu aliyepita shambani.

Ufipa shida hii ni kubwa kuliko sehemu nyingine. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai siyo ya mchezo. Mwenye kipara atavaa mzula wa sufi kuanzia alfajiri. Vinywele vigumu ndani ya sufi kutwa nzima: mtu amekimbia kichana, amekutana na kingine.

Namba zina maana gani?

Mashine ya kunyolea huvalishwa kichanuo cha plastiki chenye namba. Namba ndiyo inayoamua urefu wa nywele zinazobaki. Kwa mashine nyingi, namba 1 huacha kama milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 10, na namba 4 milimita 13.

Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, na za Waafrika mara nyingi pungufu kidogo. Kwa hesabu hiyo, uchaguzi unakuwa hivi:

Kipara au namba 1. Hakuna kuchana kabisa na kuosha ni dakika moja. Lakini nywele zinachoma zikianza kuota, na ndani ya wiki mbili urefu umeshakuwa mara mbili au zaidi. Anayetaka kubaki hapo lazima arudi kwa kinyozi mara kwa mara. Inamfaa anayechukia nywele kuliko anavyochukia mashine.

Namba 2. Bado hakuna kuchana. Inachoma kidogo kuliko namba 1. Ni nzuri kwa wanaoishi bondeni, upande wa Muze na Mtowisa karibu na Ziwa Rukwa, ambako joto na jasho ndiyo kero kubwa.

Namba 3 au 4. Kwa wengi wenye kichwa chepesi kuumia, hapa ndipo penye utulivu. Nywele zimefikia urefu wa kujipinda, hivyo ncha hazichomi moja kwa moja. Mzula unakaa bila kukwaruza. Kuchana siyo lazima, kiganja chenye mafuta kidogo kinatosha. Anaweza kukaa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kurudi.

Afro fupi ya mkasi. Hii ni ya asiyevumilia mtetemo wa mashine. Mkasi hautetemi. Kasoro yake ni kwamba nywele zikizidi sentimita mbili au tatu zinaanza kufungana, na kuzifungua ni kuvuta. Zifunguliwe zikiwa zimelowa na zina mafuta, kwa vidole kwanza.

Ambaye hajawahi kunyoa aanze na namba kubwa. Akikaa wiki moja na namba 4 akaona bado zinamkera, atashuka. Zilizokatwa hazirudishwi.

Kinachokera ni kipi hasa?

Kabla ya kuchagua picha kwenye simu, ni vizuri mwanamke ajiulize kinachomtesa. Wawili wanaweza kuchukia saluni kwa sababu tofauti kabisa.

Kama ni kuvutwa, karibu unyoaji wowote mfupi utamsaidia. Kama ni sauti na mtetemo, namba kubwa isiyohitaji marudio mengi ni bora, au mkasi. Kama ni vitu vinavyogusa shingo na masikio, asiache kishungi kirefu kisogoni wala nywele zinazoshuka pembeni, hata kama mtindo huo uko kwenye fasheni. Kama ni harufu za dawa na spreyi, nywele za asili zilizonyolewa zinamwondolea karibu zote.

Mwenye dawa kichwani ana jambo moja la ziada. Akipunguza nusu nusu, atabaki na nywele za aina mbili: laini kwenye ncha, za kipilipili kwenye mzizi. Pale zinapoungana ndipo zinapokatika na kujifunga. Mara nyingi ni nafuu kuiondoa sehemu yote yenye dawa kwa siku moja.

Kwenye kiti cha kinyozi

Saluni nyingi za kike hazinyoi, hivyo mwanamke huishia saluni ya kiume. Huko kuna muziki, kuna mpira kwenye TV, na umeme ukikatika jenereta linanguruma mlangoni. Asubuhi ya siku ya kazi ni tulivu kuliko Jumamosi jioni au mkesha wa sikukuu.

Kelele ya mashine karibu na sikio ina nguvu zaidi kwa sababu mtetemo hupita pia kwenye mfupa wa fuvu. Pamba masikioni inapunguza sehemu ya sauti. Kumwomba kinyozi awashe mashine mbali kwanza, kisha aanzie juu ya kichwa na kumalizia karibu na masikio, kunampa mtu muda wa kuzoea.

Mguso nao una namna yake. Wengi wenye ngozi ya aina hii huumizwa zaidi na mguso mwepesi wa ncha za vidole kuliko mkono uliotulia. Kinyozi akishika kichwa kwa kiganja kizima bila kukipapasa, mtu anatulia.

Yote haya yanaweza kusemwa kwa sentensi chache kabla ya kitambaa kufungwa shingoni:

"Kaka, naomba namba 4 kichwa kizima. Kingo zipitie kwa mashine, usitumie wembe. Kichwa changu kinauma kirahisi, kwa hiyo nishike kwa kiganja, na nikiinua mkono naomba usimame kidogo."

Wembe unakatazwa kwa sababu. Kingo zilizochongwa kwa wembe zinapendeza siku mbili, halafu zinaota zikichoma, na kwa nywele zinazojipinda zinaweza kurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele kisogoni.

Spiriti ni suala jingine. Harufu yake ni kali na inawasha kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa, lakini kusafisha mashine ni lazima. Mashine chafu huambukiza mapunye, na zikitokea damu inaweza kupitisha magonjwa makubwa kama homa ya ini. Suluhisho ni kinyozi asafishe mashine mapema, aiache ikauke, ndipo aanze. Anayeweza kununua mashine yake mwenyewe ya kuchaji anapata faida mbili: usafi, na kunyolewa nyumbani na mtu anayemwamini.

Vinywele shingoni

Kwa baadhi, kunyolewa siyo tatizo. Tatizo ni vinywele vinavyoingia ndani ya nguo na kuwasha njia nzima ya kurudi nyumbani.

Tishu izungushwe shingoni kabla ya kitambaa. Blauzi ya kubadilisha iwepo kwenye mkoba. Kitambaa chenye maji kinaondoa vinywele vizuri kuliko brashi kavu, ambayo yenyewe inawakera wengi. Akifika nyumbani aoge mara moja, kwa maji ya uvuguvugu kama ni msimu wa baridi.

Baada ya hapo matunzo ni machache. Kiangazi cha Ufipa kina upepo na vumbi, hivyo kichwa kitahitaji kuoshwa mara kwa mara, lakini kwa nywele za namba 3 hiyo ni kazi ya dakika chache. Mafuta yasiyo na manukato yanatosha. Chini ya mzula wa sufi, kitambaa laini cha pamba kinazuia mikwaruzo. Jua la mchana nalo ni kali hata hewa ikiwa baridi, kwa hiyo kofia pana ni muhimu kwa mwenye nywele fupi sana, na kwa mwenye ualbino ni lazima.

Nyumbani watasemaje?

Mara nyingi kinachomzuia mwanamke kunyoa ni watu. Katika jamii nyingi nchini, mwanamke kunyoa kichwa kizima ni ishara ya msiba. Akiingia uani na kipara bila taarifa, wakubwa watashtuka na kuuliza nani amefariki. Mume naye anaweza kuona ameachwa nje ya uamuzi.

Hapa tena namba 3 au 4 inasaidia. Ikisawazishwa vizuri inaonekana ni mtindo, siyo maombolezo. Hereni ndogo zikiongezwa, kwa asiyekerwa nazo, hakuna atakayeuliza mara mbili.

Na maneno ya wazi yanasaidia kuliko visingizio. "Mama, nikisukwa kichwa kinauma mpaka sipati usingizi. Nimeamua kunyoa nipate nafuu," ni sentensi ambayo mama mkwe anaweza kuielewa. Huenda hata yeye amekuwa akivumilia maumivu hayohayo miaka yote.

Kwa mtoto wa kike anayelia kila akisukwa, mzazi asikimbilie kofi. Amuulize panapouma. Amwonyeshe mashine ikiwa imezimwa, aishike, ndipo iwashwe.

Wakati wa kumwona daktari

Kichwa ambacho hakikuwa na shida kikianza ghafla kuuma kikiguswa, au kukiwa na vidonda, mabaka, usaha au malengelenge, hilo ni la kituo cha afya kabla ya saluni. Vilevile maumivu ya kichwa yanayorudi rudi yakiambatana na kichefuchefu.

Na kama nywele za mbele na pembeni zimeanza kurudi nyuma, kusuka kwa kubana kusitishwe mara moja. Zikipumzishwa mapema zinaweza kuota tena. Mizizi ikivutwa kwa miaka mingi, vishimo vya nywele hufa na upara unabaki wa kudumu.

Kwa hiyo maumivu yale ambayo wengi waliambiwa wayavumilie yalikuwa na kazi. Yalikuwa yanaonya. Mwanamke anayeyasikiliza na kwenda kunyoa namba 4 Jumanne asubuhi hana haja ya kuomba radhi kwa mtu yeyote.